Kabla hujang'oa injini ya Haisi, hesabu kwanza kilometa zake

Mhariri, salaam kutoka Mikindani.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua yangu ni ndefu ila hili jambo nimekaa nalo miezi mingi na naona watu wanaanza kudanganyana huku kwetu kusini, kila kijiwe ukikaa kuna mtu anakwambia chukua Haisi yako mbovu, toa injini, weka mota ya umeme, basi umemaliza, mafuta hununui tena. Upande wa pili kuna wanaosema huo ni ujinga mtupu, gari la umeme ni la Ulaya, hapa Mtwara umeme wenyewe unakatika utachaji saa ngapi. Mi nasema wote wamekosea, na sisemi kwa kusikia, nimepiga hesabu kwa hela yangu mwenyewe.

Nina Haisi mbili, zote za dizeli, zile za zamani za injini ya 3L. Moja inapiga daladala Mtwara mjini na Mikindani. Nyingine ni ya marehemu mzee wangu, ameifanyia kazi Newala miaka mingi sana, abiria, magunia ya korosho, wagonjwa, mpaka miguu ilipomkataa akaipaki chini ya mkorosho pale nyumbani na haikuondoka tena. Alipofariki ndugu wakasema tuiuze chuma chakavu. Moyo wangu ulikataa kabisa, ile gari ndo imetusomesha.

Kwa hiyo wazo langu la kwanza lilikuwa niweke umeme kwenye ya mzee, iwe gari ya nyumbani, niende nayo shamba Jumamosi, harusini, msibani, basi. Nikachukua daftari.

Haisi ya dizeli ikiwa na mzigo wa kawaida inakula lita 11 hivi kwa kilometa 100. Bei ya mafuta inabadilika kila mwezi EWURA wakitangaza, ila tuchukulie elfu tatu kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, hapo ni 33,000. Gari hiyo hiyo ikienda kwa umeme inataka yuniti (yaani kilowati-saa) kama 30 kwa kilometa 100, ongeza na zinazopotea njiani kwenye chaja na kwenye betri, weka 34. Yuniti kwa sisi wa LUKU ya kawaida, sio wale wa matumizi madogo wanaolipa mia, ukijumlisha na makato inakuja kama 350. Sema elfu kumi na mbili. Yaani kila kilometa 100 unabaki na 21,000 mfukoni, na hapo sijataja oili, filta, mikanda, nozeli, vitu ambavyo mota haina.

Watu huwa wanauliza inawezekanaje iwe tofauti kubwa hivyo. Lita moja ya dizeli ina nguvu kama ya yuniti 10, ila injini inachukua robo hivi inapeleka kwenye tairi, zilizobaki zinatoka kama joto na moshi. Kwenye Haisi injini iko chini ya kiti cha mbele na dereva wangu anakalia kipande cha godoro, sio kwa ajili ya starehe, ni kwamba ikifika saa saba mchana kile kiti kinaunguza mapaja. Lile joto lote tumelilipia kwenye pampu ya mafuta. Mota ya umeme inapeleka kwenye tairi karibu sehemu tisa kati ya kumi.

Sasa gharama. Betri ya yuniti 40, mota, kontrola, chaja, vifaa vidogo vidogo, usafiri kutoka China mpaka Dar alafu Dar mpaka huku, fundi, nyaya nene, mabamba ya chuma, mimi nimefika milioni 25. Mwingine anaweza kupata pungufu kidogo, mwingine zaidi, ila mtu akikwambia milioni tano atakuwekea kitu kisichofika hata Naliendele hapo jirani.

Gari ya mzee nikiitumia kama nilivyotaka itatembea kilometa 100 kwa wiki. Inaokoa 21,000 kwa wiki, milioni moja na kidogo kwa mwaka. Milioni 25 itarudi baada ya miaka 23! Betri itakuwa imeshakufa zamani. Lakini daladala yangu inaenda kilometa 120 kwa siku na zaidi, inaokoa kama 25,000 kila siku, ikifanya kazi siku 300 hiyo ni milioni 7 na nusu kwa mwaka, hela inarudi ndani ya miaka mitatu na miezi kadhaa. Bei ya umeme ni ile ile na dizeli ni ile ile, kinachobadilika ni kilometa tu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaangalia bei ya betri wanasema ghali au rahisi, wakati swali la kuuliza ni hii gari inatembea kiasi gani kwa siku. Gari inayolala nyumbani hailipi betri hata ungeuziwa nusu bei. Hata gari ya kubeba watoto wa shule nimeipigia hesabu, nilidhani ndo itafaa kuliko zote maana safari zake ni fupi, kumbe inatembea asubuhi na jioni tu na likizo inapumzika, miaka kumi inafika hujarudisha. Iliniuma kidogo maana hilo wazo nililipenda sana.

Kule Kenya walioanza haya mambo mapema ni kampuni ya Opibus ambayo siku hizi inaitwa Roam, walianza Nairobi 2017 na magari ya watalii. Gari ya mbugani inafanya kazi kila siku, kwenye eneo linalojulikana, jioni inarudi kambini kulala. Daladala ya Mikindani ni hivyo hivyo.

Basi nikasema sawa, nitabadilisha daladala. Nikaenda nayo kwa fundi bodi, akachukua bisibisi akalala chini, akagusa pale chini ya mlango wa kuburuza, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akagusa mbele kidogo, ikazama tena. Akatoka na unga wa kutu umejaa usoni, akaniambia "bosi, hii unaiona rangi tu, chuma hakipo". Ni chumvi ya bahari, gari yoyote inayolala Mikindani au Shangani au Lindi mjini miaka kumi inaliwa kutoka chini wewe unapaka rangi juu. Uweke betri ya kilo mia tatu juu ya sakafu kama ile? Siku ikikatika utaokota seli barabarani.

Nikakumbuka ya mzee. Maisha yake yote imeishi Newala, juu mlimani, mbali na bahari. Nikaenda na bisibisi yangu mwenyewe, nikagusa kila mahali, sakafu, chesisi, chini ya milango, vishikio vya springi. Kulikuwa na mavumbi, majani ya mkorosho na kiota cha panya, ila chuma kizima. Nilikaa pale chini ya gari muda mrefu. Kwa hiyo uamuzi wangu umekuwa huo, gari ya mzee ndo itawekwa umeme na itarudi kazini, itapiga Mtwara na Mikindani kila siku, hii yenye kutu itabaki na dizeli yake mpaka ichoke.

Sasa betri, na hapa naomba wenzangu mnisikilize vizuri maana nimeshaumia. Mwaka juzi nilinunua betri ya lithiamu ya sola ya dukani kwangu, imeandikwa volti 12 ampia 100, muuzaji akaapa ni mpya. Ilipoanza kuzima mapema nikaijaza mpaka juu, nikawasha taa na feni jumla wati 100, nikaangalia saa. Betri nzima ya ukubwa ule inatakiwa iende masaa 12 hivi. Ilizima masaa matano hayajafika. Tulipoifungua ndani tukakuta seli zilizotumika, zimefungwa karatasi mpya ya bluu. Hiyo ilikuwa betri ndogo ya duka, fikiria mtu anauziwa seli za milioni 15 za namna hiyo. Usilipe kabla hujapima mwenyewe kwa kujaza na kumaliza, hata kama muuzaji ananuna.

Seli ninazotaka ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, zile kubwa za ampia 280, moja ina volti 3.2 na uzito kilo tano na nusu hivi. 45 kwa mstari zinatoa volti 144 na yuniti 40, kilo 250, na sanduku lake inafika 300. Betri za asidi, hizi tulizozoea, kwa yuniti hizo hizo zingezidi tani moja, hapo abiria utamweka wapi. Ukitoa injini, tangi, rejeta na ekzosi unapunguza kama kilo 300, kwa hiyo mota na vingine vikiingia gari inazidi uzito wake wa zamani kwa kilo mia hivi, ni kama abiria wawili wenye mizigo. Inavumilika, ila springi za nyuma ziangaliwe.

Kuna wanaoshauri tununue betri kuukuu za magari ya umeme ya Nissan Leaf, zile za mwanzo. Mimi nasita. Zile zilikuwa na yuniti 24 zikiwa mpya na hazina mfumo wa kuzipoza, mwaka 2012 wenye hizo gari kule Arizona, Marekani, kwenye joto kali, walilalamika sana betri kupungua kabla ya wakati. Joto la Mtwara mnalijua. Seli za fosfeti ya chuma zinavumilia joto zaidi na hazishiki moto kirahisi, na zinatajwa kuhimili kujazwa mara 3,000 na zaidi, sawa na miaka minane ukijaza kila siku.

Yuniti 40 haimaanishi utumie zote, ukitaka betri ikae acha akiba, tumia 32. Hiyo ni kilometa 100 na kidogo. Mtwara na Mikindani ni kilometa kama 11 kwenda, kwa hiyo mizunguko mitano ni 110, akiba imeguswa na jioni bado haijafika. Suluhisho ni mchana, kuanzia saa sita mpaka saa tisa abiria wanapungua na madereva wanalala kwenye gari, masaa matatu kwenye chaja ya kilowati sita ni yuniti 18, unapata kilometa nyingine zaidi ya 50. Lakini kwenda Masasi, kilometa mia mbili, sahau. Lindi unafika kwa kubahatisha alafu unalala huko. Na Newala ni mlima, kuipandisha gari ya tani mbili na nusu mita mia saba juu peke yake kunakula yuniti tano, mbali na za kutembea. Kushuka unarudishiwa sehemu maana mota inageuka kuwa jenereta na kushika gari, ila nimeambiwa na nimeelewa kwa nini, usijaze betri mpaka juu kabisa ukiwa Newala, ikiwa imejaa haina pa kuweka ule umeme, na ule msaada wa kushika gari kwenye mteremko unaukosa, unabaki na breki za mguu tu.

Na breki zenyewe zina jambo. Fundi wangu ni mtu makini, ana miaka zaidi ya ishirini kwenye hizi gari, siku tuliyoanza kushusha injini akanionyesha alteneta, nyuma yake kuna pampu ndogo imeshikana nayo, ina bomba la raba linaenda kwenye busta ya breki. Ile pampu ndo inavuta hewa, ndo inafanya breki iwe laini mguuni. Injini ikitoka na alteneta inatoka, na pampu inatoka. Akaniambia "hao wanaosema weka mota umemaliza, waulize breki wataifanyaje". Lazima iwekwe pampu ya hewa ya umeme, na kifaa cha kushusha volti 144 kuwa 12 kwa ajili ya taa, wipa na honi, na kama gari ina pawa stelingi nayo itafutiwe pampu yake. Mtu akikuwekea mota bila kukueleza haya mambo mwondoe kwenye gari yako, umebeba roho za watu.

Jingine ni umeme wenyewe wa betri. Mafundi wetu wamezoea volti 12, unaona fundi anagusanisha nyaya kwa vidole kuangalia kama zina moto. Volti 144 za betri zinaua. Na sio kama za ukutani, za ukutani zinapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde kwa hiyo cheche ikitokea inapata nafasi ya kuzima, za betri hazishuki, cheche ikiwaka inaendelea kuwaka mpaka inayeyusha. Ndo maana swichi na fyuzi za nyumbani haziruhusiwi humo, ziwe zile zilizotengenezwa kwa umeme wa betri na volti zake zimeandikwa. Fundi wangu mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, alikiri hilo hajafundishwa popote.

Hapo ndo penye ombi langu la kwanza. VETA wapo Mtwara na wapo Lindi. Naomba waweke kozi fupi ya jioni, hata miezi mitatu, kwa mafundi walio tayari mtaani, wafundishwe umeme wa volti kubwa kwenye magari, kupima seli, kufunga sanduku la betri, kuzima mtambo gari ikipata ajali. Haya magari yatakuja tu, yaliyobadilishwa na yaliyotoka kiwandani, na watakaoitwa yakiharibika ni hawa hawa wa chini ya mwembe.

La pili ni kadi ya gari. Kadi ina namba ya injini na aina ya mafuta. Nikishatoa injini ile kadi inakuwa inasema uongo. Wahusika watuandikie kwa Kiswahili chepesi, nani anakagua, nani anabadilisha kadi, bima inakubali kwa masharti gani, leseni ya njia inakuwaje. Sitaki kukwepa ukaguzi, nautaka, na uwe mkali hasa kwenye breki na kwenye sanduku la betri.

Kuhusu umeme kukatika, siwezi kusema haukatiki. Usiku ukikatika mpaka asubuhi, gari haitoki. Ndo maana nimebakiza ya dizeli. Nyumbani pia usidhani utachomeka tu, soketi ya kawaida ni ampia 13, kujaza yuniti 30 kwa hiyo ni usiku mzima na soketi itapata moto, inatakiwa njia yake yenyewe kutoka swichi kubwa, waya mnene. Nimeongea na mwenye mashine ya kusaga karibu na stendi, yeye ana umeme wa njia tatu na mchana mashine haina kazi nyingi, tumekubaliana niweke mita yangu ndogo pale, nachaji wakati madereva wanakula.

Na kuna watakaosema gesi ni yetu, kwa nini usiweke gesi. Ni swali la haki kabisa. Songosongo gesi ilipatikana 1974, Mnazi Bay 1982, na malori ya saruji ya Dangote tunayaona yanatembea kwa gesi. Kama una Haisi ya petroli na kuna kituo cha kujaza karibu na njia yako, mi nakushauri gesi kwanza, mtambo wake ni milioni chache tu. Shida yangu ni dizeli, injini ya dizeli haina plagi za kuwashia, kuigeuza iende kwa gesi ni kazi nyingine kubwa au ununue injini nyingine. Na tusisahau umeme wa Mtwara na Lindi kwa miaka mingi umefuliwa na mitambo ya gesi pale mjini, kwa hiyo hata LUKU nayo imekuwa ni gesi ya Mnazi Bay iliyopitia kwenye nyaya.

Mpaka naandika hii barua injini ya mzee imeshatoka, nimeipangusa nimeiweka stoo, siiuzi. Gia boksi ipo mezani, nimeamua kuibakiza maana na mlima wetu wa Mikindani gia ya kwanza inasaidia mota isichoke. Kilichonikwamisha ni bamba la kuunganisha mota na gia boksi, linatakiwa likerezwe kwa kipimo cha nywele, likienda upande kidogo tu shafti inatetemeka na beringi zinakufa ndani ya wiki. Mafundi wawili wa kukereza hapa mjini wameniambia mashine zao zimeshalegea. Kama kuna fundi Lindi, Masasi au Nachingwea mwenye mashine nzima na ameshawahi kutengeneza bamba la namna hii, namwomba aandike hapa hapa gazetini, na mimi nitamletea gia boksi mwenyewe kwa basi la asubuhi.

Mwenye Haisi mbili,
Mikindani, Mtwara